Naomba ushauri: mbawakavu ndani ya mwembe ulioanguka

Ndugu wanachama, naomba msaada wa kuwatambua mbawakavu wanaotoboa shina la mwembe ulioangushwa na mvua za masika hapa Kisauni, Mombasa. Chonga wa minazi namfahamu kwa pembe yake na kwa mabuu yake yaliyojikunja ndani ya magogo yaliyooza, lakini hawa ni wengine: baadhi ya matundu ni ya mviringo na yamejaa unga laini, mengine yana umbo la yai, na buu nililolikuta chini ya gamba ni jeupe, bapa, lenye kifua kipana kuliko sehemu nyingine zote za mwili. Je, umbo hilo linatosha kulitenga na jamii ya wenye vipapasio virefu, au nilifuge ndani ya kipande cha gogo hadi mdudu mzima atoke?