Naomba ushauri: kunasa mawimbi ya redio ya ndege (eropleni) kwenye 1090 na 978 MHz kwa pamoja

Habari zenu wakuu. Niko Minneapolis, Marekani. Raspberry Pi 4 yangu (kompyuta ndogo) imekuwa ikinasa mawimbi ambayo ndege hutangaza mahali zilipo, kwenye 1090 MHz, bila shida. Sasa nataka na vile vindege vidogo vinavyotumia 978 MHz, maana huku masafa hayo yanaruhusiwa kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Nimechomeka kipokezi cha pili cha USB, balaa likaanza: vipokezi vyote viwili vina namba ileile ya utambulisho, 00000001, na kila nikiwasha upya vinabadilishana kazi! Nichomoe kimoja nibadilishe namba kwa rtl_eeprom (programu ya kubadilisha namba ya kipokezi), au kuna njia salama zaidi? Na antena je? Moja yenye kigawanyaji cha mawimbi kwa vipokezi viwili itatosha, au ninunue ya pili? Mke wangu ameshaanza kulalamikia nyaya dirishani.