Naomba ushauri: mkataba wa ruta ya intaneti, natokaje? (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari Makorora: kutoa kopi, kuprinti, kuwajazia watu fomu za vyuo na maombi ya kazi. Kijana wa mauzo wa mtandao mmoja wa simu alipita dukani akanishawishi nichukue ruta ya kulipia kila mwezi, mkataba wa mwaka mzima. Nikaweka alama ya kidole, nikasaini. Kabla ya hapo nilimuuliza kama mawimbi yanafika huku. Akasema yanafika bila shida, na isiponifaa nairudisha.

Mchana inashika kijiti kimoja. Unajaza fomu ya mtu hadi ukurasa wa mwisho, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mara kila kitu kinafutika na mteja kasimama anakuangalia. Usiku wa manane inakimbia vizuri, ila saa hizo nimeshafunga. Ofisini kwao wanasema nikitaka kutoka nilipe miezi yote iliyobaki. Jamani, hiyo ni haki? Fremu yenyewe nailipia kodi.

Mdau wa Pongwe
Pole mkuu. Itupe laini, acha kulipa, watakufanya nini?

Fundi Simu Ngamiani
Usimfuate huyo. Mkataba una namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na ukiacha kulipa kimyakimya deni linabaki kwa jina lako. Wewe ndiye mwenye madai, usijigeuze mdaiwa. Jambo la kwanza, pima kasi mchana dukani, piga picha ya skrini ikionyesha tarehe na saa. Fanya hivyo asubuhi, saa sita na alasiri, siku kadhaa mfululizo. Pili, sogeza ruta dirishani upime tena, maana swali lao la kwanza litakuwa umeiweka wapi.

Mkazi wa Chumbageni
Nasoma sheria, acha niongezee. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 19, inasema ukikubali kwa sababu ya maelezo ya uongo, mkataba unaweza kubatilishwa kwa hiari yako. Tatizo ni kwamba kifungu hichohicho kinawapa pa kujitetea: watasema ungeweza kuugundua ukweli mwenyewe kwa uangalifu wa kawaida. Ndiyo maana ahadi ya yule kijana ina uzito mkubwa. Mliandikiana popote?

Kuhusu miezi iliyobaki, soma kifungu cha 74. Hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa ukivunjwa, anayedai anastahili fidia ya kuridhisha tu, isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo "lipa yote" si neno la mwisho.

Mwenye uzi
Asante sana dada. WhatsApp ipo! Ameandika "ikisumbua unarudisha tu boss". Ila mkataba wenyewe ni wa Kiingereza, maandishi kama punje za mtama.

Mkazi wa Chumbageni
Basi usiufute huo ujumbe, na uhifadhi nakala pengine. Tafuta kipengele cha kusitisha huduma, uone notisi ni ya muda gani. Halafu andika barua ya malalamiko nakala mbili: moja waipokee, nyingine wakugongee muhuri na tarehe. Kupiga huduma kwa wateja peke yake hakutoshi, na ukipiga, dai namba ya malalamiko. Wasipolimaliza ndani ya siku 30, au jibu lisikuridhishe, peleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, pamoja na ile nakala yenye muhuri. Lakini uanzie kwao, kwa sababu TCRA watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma.

Mama Mikanjuni
Mwanangu, mimi waliniachia baada ya barua, tena bila kesi. Walituma fundi, akapima, akakiri mwenyewe kwamba mawimbi hafifu. Muombe fundi aje mchana, asije jioni. Na siku ya kurudisha, piga picha namba ya ruta iliyo chini yake, chukua karatasi ya makabidhiano yenye saini.

Fundi Simu Ngamiani
Mama kasema kweli. Ukishakabidhi piga *106# uone kama ile laini bado imesajiliwa kwa NIDA yako. Ikiwa bado ipo, rudi waiondoe.

Mwenye uzi
Nimeelewa. Kesho naanza kupima, barua naiandika leo usiku kwa Kiswahili. Dada wa Chumbageni, nikikwama kwenye kile kipengele cha kusitisha nakipiga picha nikiweke hapa?

Mkazi wa Chumbageni
Weka, ila ficha jina lako, namba ya simu na NIDA.