Kijana wetu wa sataranji amenasa kwenye kamari ya kindege: tumtoe timuni au abaki?

Mleta mada

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Kila Jumamosi nafundisha watoto sataranji kwenye baraza moja hapa Chuno. Tuna mbao nne, na ule wa mwisho umepoteza farasi wote, tunatumia vifuniko vya soda. Miaka mitatu iliyopita alikuja mtoto wa kidato cha kwanza, akawa anasimama nyuma ya wakubwa na kuangalia tu. Wiki ya tatu akanifunga. Mwaka uliofuata hapakuwa na wa kumfunga tena barazani, na usiku alikuwa anacheza Lichess, sataranji ya mtandaoni, na Warusi na Wahindi kwa simu ya mama yake. Anaweza kukaa dakika ishirini hajagusa kete, halafu akaisogeza ile moja ambayo sote hatukuiona.

Sasa ana miaka 17 na anabeti. Wala si mkeka wa mia tano wa wikiendi. Ni kindege, ile kamari ya simuni ambayo ndege inapaa na malipo yanapanda, usipotoa hela kabla haijapotea umeliwa. Usiku kucha. Mwezi uliopita wazazi walichanga 240,000, nauli ya watoto wanne kwenda mashindanoni Dar na kurudi. Nilimpa yeye akakate tiketi stendi, maana nilimwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Kulipokucha hela haipo. Hatukwenda.

Wazazi kadhaa wanataka afukuzwe. Mimi nasema abaki, na nieleze kwa nini. Nilipomuuliza hakunidanganya, alisema, "Mwalimu, nilikuwa nimeshakipigia hesabu." Kwenye sataranji kila kitu kiko juu ya ubao, hakuna kilichofichwa, anayeona mbali ndiye anayeshinda. Imani hiyo hiyo ameipeleka mahali ambapo hakuna cha kuona. Kindege kikipaa kinaanza upya, hakikumbuki kilidondokea wapi mara iliyopita. Mtoto wa kawaida akiliwa mara tano anajua kaliwa. Huyu anaona kakosea hesabu, anarudia.

Nikakaa naye na karatasi. Mechi isiyo na sare, timu zenye nguvu sawa, kila upande odi 1.85. Weka 1,000 huku na 1,000 kule: umetoa 2,000, unarudishiwa 1,850. Hiyo 150 ni ya kampuni, ashinde yeyote. Unganisha mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, basi kwa wastani kila 100 unayoweka inarudi kama 68. Alielewa kabla sijamaliza kuandika. Jioni ile ile akabeti tena.

Mama mwenye duka, Ligula

Mwalimu, samahani. Binti yangu alikuwa mmoja wa wale wanne. Alilala na begi kando ya kitanda, viatu kavipiga kiwi mwenyewe. Umeandika mengi kuhusu akili ya huyo kijana, binti yangu kapata neno moja: "Hatukwenda." Angekuwa mtoto asiye na kipaji, mngefungua mjadala au mngempeleka polisi?

Dereva wa bodaboda, Magomeni

Chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, sheria ndivyo inavyosema. Sasa huyu alijisajili kwa laini ya nani? Mnamjadili mtoto, mwenye laini yuko wapi?

Mleta mada

Laini ni ya kaka yake.

Mzee wa bao, Mikindani

Wanangu, enzi zetu hakukuwa na kindege, kulikuwa na uraka, pombe ya mabibo ya mkorosho. Mabibo yakianza kudondoka, nusu ya baraza ilikuwa haisimami sawasawa. Na wenye pupa walikuwa hawaishii kwenye uraka, walitafuta nipa, gongo ya mabibo. Tulikuwa na fundi mmoja wa bao, akihesabu kete unaona kama anasoma barua. Tukamfukuza barazani kwa ulevi. Hakuacha kunywa. Aliacha bao.

Nesi, Lindi

Tuache kuliita tabia mbaya peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya 11 ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeuweka uraibu wa kamari fungu moja na wa pombe na dawa za kulevya. Ndiyo maana karatasi ya mwalimu haikutosha. Apelekwe hospitali ya mkoa, muulizie huduma ya afya ya akili. Na mtu mzima anayemwamini amuulize mambo mawili waziwazi: anadaiwa na nani mwingine, na kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wenye madeni ya siri ndio tunaowapokea wakiwa wamechelewa.

Kijana wa chuo, Mtwara

Alekhine alikuwa bingwa wa dunia na mlevi. Mwaka 1935 Max Euwe akamnyang'anya taji, 1937 akalirudisha akiwa amepunguza pombe. Hakuna aliyemfukuza kwenye sataranji kwa sababu ya pombe.

Mama mwenye duka, Ligula

Huyo Alekhine alikula nauli ya nani?

Mleta mada

Mama, hapo umenishika. Na kosa la kumpa mtoto hela za watu ni langu, 60,000 ya binti yako nitakurudishia mimi kabla ya mwisho wa mwezi.

Tuliyokubaliana na mama yake ni haya. Hasafiri na timu hadi deni liishe. Jumamosi mchana anabangua korosho kwa mjomba wake, malipo yanapita kwa mama, yeye hashiki hata mia: 20,000 kwa mwezi, miezi 12. Simu kubwa imechukuliwa, kabaki na kiswaswadu. Kaka naye ameifunga akaunti mbele yetu, ingawa alinuna. Hospitali wanakwenda Jumanne. Barazani anaruhusiwa kuja asubuhi, kwenye ubao wa mbao tu. Nikimwondolea na hiyo, usiku wake utabaki na nini?

Mama mwenye duka, Ligula

Aje. Lakini binti yangu asikalishwe naye meza moja kwa sasa. Na hela za watoto ashike mtu mzima.

Mleta mada

Sawa, mama. Atakaa meza ya mwisho, ile ya vifuniko vya soda.