Kinoo changu kimeshikana: maji, mafuta ya taa, ya cherehani au ya nazi?

MamaChumbageni
Habari za jioni wadau. Napika chakula cha mchana cha kuuza hapa Tanga, na visu vyangu havipumziki toka alfajiri: vitunguu, nyama, samaki wa kuparua. Mwaka jana nilinunua kinoo Ngamiani, lile jiwe la kijivu la pande mbili, upande mmoja unakwaruza, mwingine laini. Nikawa nalipaka mafuta ya alizeti kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na mkono. Mwanzo lilinoa vizuri. Sasa limeota ngozi ya kahawia inayong'aa, ukipitisha kidole kinanata kama kitako cha karai la maandazi, na kisu kinateleza tu, jiwe haliking'ati.

Kila mtu ana lake. Jirani yangu fundi nguo anasema mafuta ya cherehani. Shemeji anasema ya taa. Mama miaka yote ananoa kwa maji. Na ya nazi ndiyo yamejaa nyumbani. Naombeni mnieleze na sababu, maana mazoea ndiyo yaliyonifikisha hapa.

FundiTezo_Bagamoyo
Pole dada. Alizeti ndiyo iliyoliziba jiwe lako. Mafuta yale yakikaa wazi kwenye hewa hushikana pole pole mpaka yakawa kama vanishi. Mafuta ya kitani yana tabia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, ndiyo maana watu huyapaka kwenye mbao. Juu ya mbao ni faida, ndani ya kinoo ni hasara.

Tuelewane kwanza kazi ya hicho kimiminika. Wengi wanadhani kinatiwa ili kisu kiteleze. Kazi yake kubwa ni kubeba taka. Unaponoa, chembe za chuma na za jiwe zinang'oka, na zisipopata kitu cha kuzielesha zinajisindika kwenye vitundu vya jiwe. Jiwe lenye vitundu vilivyojaa chuma halinoi, linasugua chuma kwa chuma. Kwa hiyo ukiona tope jeusi limejikusanya mbele ya kisu, hiyo ndiyo dalili nzuri. Lifute kwa kitambaa, tia tone jingine, endelea.

Mimi nanoa tezo, patasi na chuma cha randa, kazi yangu ni kukarabati majahazi. Nachanganya nusu mafuta ya cherehani, nusu ya taa. Ya cherehani peke yake kwenye upande laini nayaona mazito: patasi inaelea juu yake na mkono hausikii jiwe. Ya taa peke yake yanakauka kabla sijamaliza bapa moja, na ngozi ya vidole inapauka na kupasuka.

BintiDeepSea
Fundi nakuheshimu, lakini huyo dada anapika. Mimi naparua samaki pale soko la Deep Sea, na kisu changu hakijawahi kuonja mafuta ya taa. Harufu yake inaingia kwenye mpini, kutoka pale inahamia kwenye mnofu, na mteja wa samaki aina ya changu ana pua kali.

Natumia maji ya bomba na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Maji matupu yanajikusanya kama shanga na kukimbia, ukitia sabuni yanatandaa juu ya jiwe lote. Nikimaliza nasuuza jiwe, nafuta kisu mpaka kikauke, basi.

Ila msichote maji ya bahari. Najua yako miguuni petu, na nimewaona wenzangu wakiyateka kwa kopo. Kisu cha chuma cha kawaida kikinolewa kwa maji ya chumvi, mchana haufiki kabla makali hayajatoa vidoa vya kutu. Na kutu inaanzia pale pale kwenye ukingo, palipo pembamba kuliko kote.

BodaMakorora
Mbona mnajisumbua? Oili chafu ya pikipiki ipo bure kwa kila fundi. Panga langu nanolea hiyo hiyo.

MpigaMsasa
Kaka, hapana, na hasa si kwa kisu cha jikoni. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na chembe za chuma kilicholika, na ikizoea kukaa kwenye ngozi ina madhara ya kiafya. Tena fikiria: tunatia mafuta ili yabebe taka, wewe unatia yaliyokwisha kujaa taka.

Dada, kabla ya kuchagua kimiminika litambue jiwe. Hilo la kijivu la pande mbili ninavyolijua mimi mara nyingi ni silikoni kabaidi, kitu kilichotengenezwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 kwenye tanuri la umeme. Ni gumu, na linapokea maji au mafuta. Shida ni kwamba likishakunywa mafuta, kulirudisha kwenye maji ni kazi. Yako mengine, kama yale ya kampuni ya Norton yanayoitwa India, yanatoka kiwandani yakiwa yameshajazwa mafuta, hayo usihangaike nayo kwa maji. Mawe ya Kijapani ni kinyume: ni laini, yanamenyeka haraka ili yatoe chembe mpya, nayo ni ya maji tu. Ukiyatia mafuta umeyaharibu. Hata hayo yanatofautiana, kuna ya kuloweka kwanza na kuna ya kunyunyizia tu, ambayo ukiyaacha ndani ya ndoo yanaweza kulainika au kupasuka. Bamba la almasi, yaani la chuma lililobandikwa chembe za almasi, halina vitundu vya kuziba kama jiwe, maji kidogo yanatosha, kisha likaushe.

Jaribio dogo: jiwe likiwa safi na kavu, lidondoshee tone la maji. Likizama, jiwe lina kiu. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, ndani bado kuna mafuta.

MkweWaLushoto
Ya nazi nayajua kwa kuumwa nayo. Nilitoka nayo Tanga na kinoo kilichokuwa kinafanya kazi vizuri. Asubuhi ya kwanza huku juu nakuta jiwe limefunikwa utando mweupe kama nta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto asubuhi hazifiki. Huko pwani yatabaki maji siku nyingi za mwaka, na hayashikani upesi kama ya alizeti. Lakini yale ya kukamua nyumbani yana mabaki ya tui, yanachacha. Dharura sawa, kila siku hapana.

FundiTezo_Bagamoyo
BintiDeepSea amenena kweli, nilijibu kama seremala. Dada, kwa kisu cha chakula nenda duka la dawa uulize parafini ya maji, ile isiyo na rangi wala harufu wanayopewa wenye choo kigumu. Usiichanganye na mafuta ya taa kwa sababu ya jina. Ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, hayashikani wala hayachachi.

Kulisafisha jiwe: liloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nje, mbali na jiko la mkaa. Asubuhi lisugue kwa brashi, maji ya moto na sabuni.

MamaChumbageni
Nimerudi wapendwa, asanteni sana. Nililoweka usiku, asubuhi nikasugua. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, na juu yake vipande vya ile ngozi vinaelea kama maganda ya njugu. Nilibadilisha maji mara nne. Katikati jiwe lilikuwa na bonde, nikalisugua juu ya sakafu ya saruji kwa mchanga na maji mpaka likalala sawa.

Tone la maji: upande wa kukwaruza lilizama. Upande laini lilikaa, nikahesabu mpaka sitini bado lipo. Kwa hiyo hili limekwisha kuwa jiwe la mafuta, silipiganii. Nimenunua parafini duka la dawa. Jana tope jeusi nimeliona kwa macho yangu, na kisu kimekata matembele fungu zima bila kuyaponda. Nikiosha kwa sabuni hakina harufu yoyote. Cha samaki nitakinunulia jiwe lake la maji.

Fundi, upande laini matone mangapi?

FundiTezo_Bagamoyo
Matatu, uyatandaze kwa kidole. Yakibubujika pembeni umezidisha.