Amezungusha shokomzoba zangu bila ruhusa, kisha akasema pikapu yangu imezaliwa kubeba mchanga

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, wala sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna asiyemjua yule atoaye ushauri kabla hajaulizwa. Leo niligeuza kisogo kwa dakika mbili tu, akapiga magoti kando ya pikapu yangu ya mashindano ya mbio fupi za kunyooka, akakaza vifundo vya kurekebishia shokomzoba zote nne hadi mwisho, akainuka, akaipiga bodi kofi na kutangaza mbele ya watu kwamba gari hili limezaliwa kubeba mchanga.

Kubeba mchanga! Miezi mitatu nimebadilisha kliki moja, yaani hatua moja ya kifundo, kwa kila mbio, nikiandika daftarini muda wa mita 18 za kwanza, mpaka pua ikawa inanyanyuka vizuri na uzito kuhamia nyuma. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na ndiyo sababu tunatafuta shokomzoba za mbele za tisini kwa kumi, zinazofunguka, yaani kurefuka, kirahisi na kujikunja kwa shida. Yeye alizikaza zisifunguke. Nilipoondoka mstarini, pua haikuinuka hata unene wa ukucha, ekseli ya nyuma ikarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, matairi yakatoa moshi wa kulifunika jua, na kobe mjamzito angenipita. Naye pale pembeni akarudia: mchanga.

Kliki Moja: Pole sana, mkuu, lakini mleta mada nawe una kosa. Vifundo hutiwa alama ya rangi na kliki huhesabiwa upya kabla ya kila mbio. Ungehesabu, ungemgundua kabla hujakanyaga mafuta.

Difu Kavu: Huyo huyo alinishauri nilegeze kabisa shokomzoba za nyuma wakati wa kufunguka. Nyuma ilinyanyuka kwa kishindo, matairi yakakandamizwa lami kwa kufumba na kufumbua, kisha yakaachia yote mawili. Nilipomuuliza, akailaumu lami.

Mleta mada: Wakuu, tusiihame mada. Alisema mchanga, na mwanangu alikuwa amesimama hapo akisikia.

Bamba la Tano: Mleta mada, umepanda hasira kwa jambo dogo. Ekseli inaporukaruka hivyo, mara nyingi springi za mabamba zimejikunja kama herufi S, na hapo kliki peke yake haiokoi kitu. Funga vyuma vya kuizuia ekseli isijizungushe, upime upya pembe ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye ekseli, ndipo urudi kwenye shokomzoba.

Kliki Moja: Umenikumbusha kero yangu kubwa zaidi, nayo ni hawa wanaoweka vitalu virefu kati ya springi na ekseli kwa ajili ya sura. Kila kitalu kinapozidi urefu, ekseli hupata nguvu zaidi ya kuyakunja mabamba, halafu wanatulilia kwamba shokomzoba ni mbovu.

Difu Kavu: Heri vitalu. Mimi niliuziwa shokomzoba fupi, zilizokuwa zimekwisha kufunguka gari likiwa limesimama tu, kwa hiyo pua haikuwa na pa kwenda. Bamba la Tano, wewe huacha nafasi kiasi gani ya kufunguka mbele?

Bamba la Tano: Nipe kwanza urefu wake zikiwa zimejikunja na zikiwa zimefunguka, kisha upime na za nyuma.