Plasil inafaa kwa mtoto anayetapika kwenye matatu?

MamaMmoja_Kondele
Habari wadau. Binti yangu ana miaka 7, kilo 22. Kila tukitoka Kisumu kwenda Nakuru, kona za Kericho zikianza anatapika. Duka la dawa wameniambia nimpe nusu tembe ya Plasil kabla ya kupanda gari. Jirani naye anasema ondansetroni ndiyo kali zaidi. Zinatofautiana vipi, na ya safari ni ipi?

mfamasia_Milimani
Dada, Plasil usimpe. Kituo cha kutapika kiko kwenye shina la ubongo, na habari hukifikia kwa njia kadhaa. Kila dawa huziba njia yake. Garini habari hutoka sikio la ndani: sikio linahisi kona, macho yaliyo kwenye simu yanaona kitu kilichotulia. Njia hiyo hupitisha habari kwa kemikali za mwili ziitwazo histamini na asetilikolini. Plasil, yaani metoklopramidi, huziba kemikali nyingine, dopamini. Ondansetroni huziba serotonini, nayo ni nyingine. Hata iwe kali vipi, imefunga mlango usiopitiwa na mtu.

Ya safari ni promethazini, hiyo ndiyo huziba njia ya sikio. Miaka 5 hadi 9 ni mg 10. Kama dawa ya maji ina mg 5 kwa kila mililita 5 (soma chupa), hiyo ni mililita 10, usiku wa kuamkia safari; ikibidi, tena asubuhi. Atasinzia, ni kawaida. Usiongezee dawa ya mafua inayoleta usingizi, nyingi ni za jamii hiyo hiyo. Chini ya miaka 2 ni marufuku, inaweza kukata pumzi. Na ukingoja hadi aanze kutapika umechelewa: tumbo limeshasimama, dawa inakaa humo bila kufyonzwa. Akae karibu na mbele, atazame barabara kwa mbali, simu ubaki nayo wewe.

nesi_Ahero
Naongezea kuhusu Plasil, maana watu huichukulia kama peremende. Dopamini hiyo hiyo ndiyo huratibu misuli. Ikizibwa, hasa kwa watoto na vijana, shingo hupinda, macho hugeukia juu, taya hukaza, ulimi hutoka. Nyumbani watasema degedege au mapepo, kumbe mtu ana fahamu zake na anawasikia. Mkimbizeni hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Kuna sindano ya kuifungua, na promethazini ni mojawapo. Sindano ya Plasil ya mshipani isukumwe polepole, dakika 3 au zaidi. Mtu mzima ni mg 10, mara 3 kwa siku mwisho, siku zisizidi 5. Tumbo likivimba, choo na hewa visitoke, isiguswe: husukuma utumbo ulioziba.

tabibu_Nyalenda
Ondansetroni ina kazi yake: kemo (dawa za saratani), baada ya upasuaji, na mtoto wa kuhara anayerudisha kila tone la ORS. Huyo hupewa dozi moja tu: kilo 8 hadi 15 mg 2, zaidi ya 15 hadi 30 mg 4. Baada ya dakika 15 hadi 30 anza ORS, kijiko cha chai kila dakika 1 au 2. Kuirudiarudia huongeza kuhara. Mwenye shida ya mapigo ya moyo aseme kwanza.

Buscopan mnayonunua kwa kichefuchefu haifiki ubongoni. Ni ya tumbo linalokata. Na huku kwetu kwenye malaria: akitapika Coartem ndani ya nusu saa, rudia dozi ile ile. Akitapika kila kitu, hiyo ni malaria kali, anahitaji sindano ya atesuneti hospitalini, si dawa ya kutapika.

MamaMmoja_Kondele
Asanteni sana. Na mjamzito wa wiki 9 je?

mfamasia_Milimani
Anaanza na vitamini B6, mg 10 hadi 25 mara 3 kwa siku, ale kidogo kidogo hata kabla ya kutoka kitandani. Isipotosha huongezewa doksilamini. Akishindwa kushikilia hata maji siku nzima, au mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, aende akawekewe maji.