Naomba ushauri: mada ya dakika 20 kuhusu asili ya Kanuni ya Dhahabu

Mwandaa Mada
Wakuu, habari za wakati huu. Nina mada ya dakika 20 mbele ya watu wa dini mbalimbali na wengine wasio na dini, kuhusu ile kanuni ya kumtendea mwenzako unavyotaka kutendewa. Nimepata jedwali la dini 13, kila moja na nukuu yake, zote zinafanana kama mapacha. Nina maswali matatu. Nani aliitoa kwanza? Ni sawa kusema dini zote zinasema kitu kimoja? Na wanafalsafa niwaweke wapi?

Msoma Hati
Mkuu, swali la nani wa kwanza usilifanye uti wa mgongo wa mada, litakumaliza. Orodha nyingi huanza na kisa cha Misri ya kale cha mkulima fasaha, cha takriban 2000 hadi 1800 KK. Mstari wenyewe ni kama "mtendee mtendaji ili naye atende", na wasomi hawakubaliani kama hiyo ni kanuni yetu au ni nipe nikupe tu. Ukianzia hapo, dakika tano zitaisha ukiutetea mstari mmoja.

Anzia penye ardhi ngumu, kwa Confucius, mwalimu wa China (551–479 KK). Mwanafunzi wake Zigong aliuliza kama kuna neno moja la kumwongoza mtu maisha yake yote. Akajibiwa "shu", yaani kuupima moyo wa mwenzako kwa moyo wako, kisha akafafanuliwa: usilotaka kutendewa, usimtendee mwingine. Iko kwenye Mazungumzo, kitabu cha maneno yake, 15:24, lakini matoleo mengine yanaihesabu 15:23. Andika namba zote mbili, maana kuna atakayefungua toleo lake palepale asiione.

Karne ya 4 KK, Isocrates, mwalimu wa ufasaha wa Athens, aliandika hotuba ambamo mfalme Nicocles anawaambia raia wake wasiwatendee wengine yale yanayowakasirisha wao wakitendewa. Hakuna haja ya kutafuta nani alimwiga nani.

Jihadhari na Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu. Maneno yapo kweli, katika kitabu cha 13, Anushasana, lakini utenzi ule uliundwa kwa karne nyingi, takriban 400 KK hadi 400 BK. Jedwali likikuandikia "3000 KK", futa. Na jina "ya dhahabu" halimo katika andiko lolote kati ya haya. Lilienea kwa Wakristo wa Uingereza katika karne ya 17.

Bint Hoja
Naongezea swali la pili, kwa sababu jedwali lako linafuta kitu chenye thamani kubwa. Kanuni ina maumbo mawili: la kukataza (usitende) na la kuamuru (tenda). La kukataza unaweza kulitimiza ukiwa umekaa kimya chumbani. La kuamuru linakuinua kitini.

Hillel, mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi kabla kidogo ya Yesu, alijiwa na mtu aliyetaka kufundishwa Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Alimjibu kwa umbo la kukataza: linalokuchukiza usimtendee mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni ufafanuzi, nenda ukajifunze. Imo katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, Shabbat 31a. Watu hunukuu mwanzo na kuacha "nenda ukajifunze", na hapo ndipo palipo uzito: kanuni ni mlango wa kuingilia kwenye sheria, haichukui nafasi ya sheria. Kitabu cha kale cha Kiyahudi cha Tobiti, 4:15, nacho kinakataza. Mathayo 7:12 inaamuru: "yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo."

Kosa linalofuata hapo ni kudai kwamba kabla ya Yesu kulikuwa na makatazo tu. Walawi 19:18 inaamuru kumpenda jirani kama nafsi yako. Confucius naye, Mazungumzo 6:30 (6:28 kwa matoleo mengine), anasema mtu mwema akitaka kusimama imara huwasimamisha na wengine. Na Didache, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inatumia umbo la kukataza bila wasiwasi.

Mizani
Mimi ningeuliza pia: mwenzako ni nani? Hapo ndipo mada yako itapata uhai.

Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Anas bin Malik, namba 13 katika mkusanyo wa Arobaini za Imam Nawawi, inasema haamini mmoja wenu mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe. Angalia kwamba inazungumzia moyo kabla ya kitendo: unaweza kumtendea mtu vizuri huku ukimwonea kijicho, na hadithi haikuachii nafasi hiyo. Katika Sahih Muslim, mkusanyo mwingine wa hadithi, mpokezi anasita: "nduguye", au alisema "jirani yake". Wapo wafafanuzi walioishia kwa ndugu wa imani, wapo waliopanua hadi kwa kila binadamu. Walawi ina mvutano huohuo: 19:18 inataja jirani, na mistari michache mbele, 19:34, inaamuru mgeni naye apendwe kama nafsi yako, kwa kuwa mlikuwa wageni Misri. Ukisoma 19:18 peke yake umeikata nusu.

Fundi Hoja
Kwenye falsafa chagua wawili tu wanaopingana. Mill, Mwingereza, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu maadili ya manufaa (jema ni linaloleta furaha kubwa zaidi kwa watu), anasema kanuni ya Yesu wa Nazareti inabeba roho yote ya maadili hayo. Kant, Mjerumani, katika tanbihi ya kitabu chake cha 1785, anaishambulia: mhalifu angemwambia hakimu, "wewe usingependa kufungwa, basi usinifunge." Anaongeza kwamba kanuni haisemi lolote kuhusu wajibu wa mtu kwa nafsi yake, na kwamba wengi wangekubali wasisaidiwe ilimradi wasidaiwe kusaidia.

Hoja ya hakimu inajibika. Kosa ni kumwangalia mtu mmoja tu. Hakimu akijiweka mahali pa mfungwa, ajiweke pia mahali pa aliyeibiwa na pa atakayeibiwa kesho. Kosa la pili ni kubeba ladha zako: anayependa kuambiwa ukweli mkavu hana ruhusa ya kumwaga ukweli mkavu kwa aliyefiwa. Swali sahihi si "ningependa nini mimi nilivyo", ni "ningependa nini ningekuwa yeye, katika hali yake". Methali yetu ya mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, inafanya kazi hiyohiyo ya kugeuza upande, japo inaishia kwenye kulaumu.

Mwandaa Mada
Nashukuru sana. Kuna atakayesema hii ni jino kwa jino iliyopakwa sukari. Nimjibuje? Na nigaweje dakika?

Bint Hoja
Mwonyeshe kitenzi. Jino kwa jino hutazama *ulivyotendewa*. Kanuni hutazama *unavyotaka kutendewa*. Luka 6:31 imewekwa katikati ya maneno ya kuwapenda adui, kwa hiyo haiwezi kuwa kulipiza. Ila usiwalazimishe wote kusema hivyo: Confucius aliulizwa kuhusu kulipa ubaya kwa wema, akajibu ubaya ulipwe kwa haki, na wema kwa wema (14:34).

Dakika: 2 za kufungua, 4 kwa Confucius, 5 kwa Walawi, Hillel na Mathayo pamoja, 4 kwa hadithi, 5 kwa Kant na jibu lake. Nukuu nyingine za jedwali wape kwenye karatasi, kila moja na sura na mstari. Isiyo na sura na mstari iondoe. Mahali pa kumalizia ni Mazungumzo 5:12 (5:11). Zigong yuleyule anajigamba kwamba asilotaka kutendewa, naye hataki kuwatendea wengine. Mwalimu anamjibu: bado hujafika hapo.